Mwanamke Niliyemfuta Kasigau

Usiniulize kama nilikuwa nimelewa. Sinywi. Usiniulize kama njaa ilikuwa inanizungusha kichwa, kwa maana asubuhi ile ile nilikuwa nimekula mihogo na chai ya maziwa kwa nyanya yangu. Na usianze kuniletea habari za usiku wa manane na bundi. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya Jumatano, na saa nilikuwa nayo mkononi. Nimechoka na watu wanaonisikiliza huku wakitabasamu pembeni. Kama wewe ni wa kutabasamu, achia hapa uende zako, hatutagombana. Haya yalinipata mimi, na hasira niliyo nayo mpaka leo sikuisoma mahali.

Kazi yangu ni ya kompyuta. Wakati huo nilikuwa Voi, kwenye chumba cha juu ya duka la vifaa vya ujenzi, nimeajiriwa na mtafiti mmoja kutoka mbali. Tumwite Daktari, maana ndivyo alivyotaka kuitwa, hata na mama wa chai. Daktari alikuwa anatafuta vijiji vya kale vilivyomezwa na msitu kule mlima Kasigau. Msitu ule ni mzito, juu kuna ukungu karibu kila asubuhi, na ukitaka kuupekua kwa miguu utazeeka hujafika nusu. Basi akakodi ndege ndogo.

Ndege ile ilikuwa na chombo tumboni kinachorusha miali ya leza chini, mingi ajabu, bila kupumzika. Mwali mmoja unagonga jani, mwingine tawi, na mmoja mmoja unapata nafasi katikati ya majani unafika chini kabisa kwenye udongo. Kila unaporudi, chombo kinapima umbali wake na kuweka kidoto, alama ndogo kama punje. Mwishowe unapata mlima mzima kwenye kompyuta, umejengwa kwa vidoto vitupu. Kazi yangu mimi ilikuwa kuondoa vidoto vya miti mpaka ibaki ardhi peke yake. Kuuvua msitu nguo, ndivyo Daktari alivyokuwa akisema, na alikuwa akicheka. Mimi pia nilicheka. Mungu anisamehe.

Na kweli ardhi ilijitokeza, siwezi kukudanganya. Niliona ngazi za mashamba, mistari ya kuta za mawe, viduara vya misingi ya nyumba. Mimi ni mzaliwa wa Rukanga, hapo chini ya mlima. Nimekulia nikitazama msitu huo kila nikienda shule, na sikujua kuna kijiji kizima ndani. Machozi yalinitoka mbele ya kompyuta. Nyumba hizo zilikuwa za watu wetu.

Hadithi yao ndiyo hii, utaihitaji mbele. Wakati wa vita vya kwanza vya wazungu, Wajerumani waliingia Kasigau wakawapiga Waingereza. Waingereza waliporudi wakasema sisi ndio tuliowaonyesha maadui njia. Wakachoma nyumba, wakawakusanya watu wote, wazee kwa watoto, wakawapeleka Malindi. Wengi walifia huko. Walioruhusiwa kurudi baada ya miaka walijenga huku chini, na vijiji vya juu vikaachiwa miti. Lakini vichwa vya wazee vilibaki. Zamani kwetu, mzee akishazikwa na muda kupita, kichwa chake kilifukuliwa kikapangwa na vya wenzake chini ya mwamba wa ukoo. Mahali petu palipotelea msituni. Nyanya alikuwa akisema, "Wazee wako salama. Hakuna anayejua walipo, hata sisi."

Sasa sikia. Kwenye ukuta mmoja mrefu wa mawe, chini ya mwamba mkubwa, kulikuwa na kitu kimesimama. Vidoto vichache vimesimama wima, urefu wa mtu mzima, vimejibana katikati ya ukuta. Ndege ilikuwa imeruka siku tatu tofauti, na kila siku niliipa rangi yake. Kitu kile kilikuwepo siku ya kwanza. Siku ya pili kilikuwepo, hapo hapo. Nikasema ni kisiki. Siku ya tatu kilikuwa na mkono, na mkono wenyewe umeinuliwa juu, kuelekea ndege, kama mtu anayesimamisha gari barabarani.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilimwita Daktari. Akainama, akatazama kwa muda wa kupiga chafya, akasema, "Hizo ni takataka za data. Futa."

Nikafuta. Niliburuta kipanya, nikabonyeza, basi. Nilifanya harakaharaka, maana aliitaka ramani kabla ya Ijumaa, na vidoto vichache vya bega la kushoto vikabaki, nikaviacha. Na kitu kilipotoka, kukaonekana pengo kwenye ukuta. Mlango! Kilikuwa kimesimama mlangoni, unanielewa? Kilikuwa kimeuziba. Daktari akapiga kofi mezani akasema, "Hapo ndipo tunapokwenda."

Jumanne tukapanda gari mpaka Maungu, tukaacha malori na lami, tukashika barabara ya vumbi hadi Rukanga. Daktari alilala kwenye nyumba ya wageni, mimi nikalala kwa nyanya. Usiku nikamwambia tumeona nini. Nilidhani atafurahi. Akaniuliza, "Mmemuuliza nani?"

Nikamjibu kwa kiburi, tena kwa Kiswahili, si kwa kikwetu. Nikamwambia vibali tunavyo vyote.

Hapa lazima nikueleze jambo la kwetu. Mdawida, yaani Mtaita, akiwa na hasira na mtu, kusema "yameisha" hakutoshi. Anaweka kinywaji mdomoni, zamani ilikuwa pombe ya miwa, siku hizi hata maji, anakipuliza nje kwa mnyunyizo na kusema maneno mema. Tunaita kutasa. Hasira inatoka na yale maji. Ikikaa moyoni bila kutemwa, inafanya kazi yenyewe, inaumiza watu hata kama mwenye nayo hataki. Mimi ni mtu wa kanisa, nyanya yangu ni wa kanisa kuliko mimi, na bado hakuna safari niliyowahi kwenda bila yeye kunifanyia hivyo mlangoni.

Asubuhi ile alichukua kikombe, akajaza mdomo. Daktari akapiga honi nje. Mara mbili, mara tatu, unajua honi ya mtu aliyezoea kungojewa. Nikasema, "Nyanya, nimechelewa," nikashika mkoba, nikatoka. Nikamwacha mwanamke wa miaka yote ile amesimama na maji mdomoni. Niligeuka langoni nikamwona koo linapanda na kushuka. Ameyameza. Nikajiambia ni maji tu.

Haraka haraka haina baraka. Nilifundishwa hivyo tangu nikiwa chekechea, na bado nilikimbilia honi.

Tulikuwa watatu: mimi, Daktari na Mwadime, kijana wa rika langu anayepeleka wageni mlimani. Mwadime ni mtu wa mzaha, njia nzima alikuwa akinitania, "Mwenye kompyuta, pumzi umeiacha Voi?" Lakini tulipofika kwenye ngazi za kwanza za mawe mzaha ukamwishia. Akaketi chini. Akasema yeye mwisho wake ni hapo, nyumbani kwao walikatazwa. Daktari akaanza kubishana naye. Na mimi, jamani, mimi mtoto wa Rukanga, nikamcheka. Nikamwambia, "Mwanaume mzima unaogopa mawe!" Nikashika kile kifaa cha kuonyesha njia nikatangulia peke yangu, ili Daktari aone kwamba mimi si mshamba.

Ukungu ukashuka. Si ajabu, mlimani hushuka hivyo. Nilikuwa bado nawasikia wakibishana nyuma yangu, halafu sauti zikakatika, kama mtu amefunga mlango. Kifaa kinasema zimebaki hatua kumi. Nikaenda hatua kumi. Kinasema hatua kumi. Nikaenda tena. Nilikwenda hivyo mpaka jasho likanitoka kwenye baridi ile, na kila nikitazama, hatua kumi. Nikakizima kwa hasira. Nilipoinua macho, ukuta ulikuwa mbele yangu, na pengo, na mwanamke amesimama kwenye pengo.

Alikuwa wa makamo. Kitambaa cheusi amekifunga begani, shanga shingoni, miguu mitupu. Mtu wa kawaida kabisa, ningekutana naye sokoni ningempita. Ila ukungu ulikuwa unapita ndani yake. Niamini. Niliona ukungu unaingia kifuani na kutokea mgongoni, nikaona mawe ya ukuta kupitia tumbo lake. Mahali pamoja tu palikuwa pazima, pana nyama na ngozi na unyevu wa ukungu juu yake. Bega la kushoto.

Nilitaka kukimbia. Badala yake nikafanya kile nilichofunzwa kumfanyia kila mtu mkubwa, nikamsalimu kwa kikwetu. Aliitikia salamu yangu yote mpaka mwisho, taratibu, kwa Kikasigau cha zamani ambacho sasa nakisikia kwa nyanya peke yake. Halafu akauliza, "Ni wewe uliyenifuta?"

Ungejibu nini?

Akasema, "Nilibaki walipochukuliwa. Nilimwambia mume wangu nendeni, mimi nitakaa na wazee. Nimesimama hapa tangu siku hiyo, na hakuna aliyepita. Yule ndege wenu alipopita nikainua mkono. Hukuniona?"

"Nilikuona, mama."

"Ukanifuta."

"Niliambiwa ni takataka."

"Aliyekuambia ni wa kwetu?"

"Hapana."

"Na wewe?"

Nikasema mimi ni wa kwetu. Nilisema kwa sauti ndogo sana. Akanitazama kwa muda mrefu, hakuwa na haraka, haraka ilikuwa ya watu wengine. Akasema, "Walichukuliwa kwa kosa la kuonyesha njia. Hawakuionyesha. Wewe umeionyesha."

Nimesemwa maishani, na walimu, na mabosi, na aliyekuwa mume wangu, ambaye mdomo anao. Hakuna maneno yaliyowahi kuniingia kama hayo. Nililia pale pale nimesimama.

Kisha akanyoosha mkono akaniomba maji. Ee Mungu, nilifurahi! Nilidhani nimeelewa. Nilitoa chupa kwenye mkoba, nikamimina kwenye kifuniko nikampa. Akaweka maji mdomoni, mashavu yakajaa. Nikainamisha kichwa, nikafumba macho kama tulivyozoeshwa tangu utotoni, nikangoja mnyunyizo unipate usoni. Nilingoja. Hakuna tone. Nikafumbua macho.

Alimeza. Alikuwa ananitazama machoni, akameza, na kwa vile mwili wake ulikuwa wazi niliyaona maji yakishuka kooni, yakapita kifuani, yakakaa. Akasogea kando akaacha pengo wazi.

"Pita basi," akasema. "Mlango si umeufungua wewe?"

Nilipopangusa macho hakuwepo. Kifuniko changu kilikuwa juu ya jiwe, kikavu. Sauti ya Daktari ikanifikia karibu kabisa, anauliza mbona nimesimama hatua kumi mbele yake bila kuitika.

Wazee walikuwa ndani, chini ya mwamba, wamepangwa mstari, wametazama nje. Walikuwa safi. Hakuna utando wa buibui, hakuna majani, miaka yote hiyo. Nani alikuwa akiwafagilia? Daktari aliingia bila hata kuvua kofia. Akapiga picha, akasema ajabu, ajabu, akamshika mmoja wa mwisho mstarini akamgeuza kutazama meno. Nilimpigia kelele mpaka Mwadime akanisikia kule chini. Daktari akamrudisha. Nikamwambia, nipe neno lako, nukta ya mahali hapa isiwekwe kwenye ramani yoyote itakayotoka. Akaweka mkono kifuani, akasema, "Nakuahidi. Haitatoka ofisini."

Mkono kifuani! Na mimi nikaamini. Sikumwambia niliyemwona. Angeniambia nipumzike.

Kazi ikaisha, akaenda kwao. Siku moja Mwadime ananitumia picha kwenye simu. Ramani yangu, niliyoisafisha kwa macho yangu haya, imewekwa mtandaoni kila mtu aione, na juu ya pengo kuna nukta nyekundu, na maelezo ya jinsi ya kufika. Wageni walikuwa wameshaanza kupanda bila kumuuliza mtu. Nikamwambia Mwadime aende akatazame. Alikwenda, safari hii hakuketi chini, na alinipigia akiwa huko juu akilia. Mwisho wa mstari, yule aliyegeuzwa kutazamwa meno, hayupo. Pamebaki alama ya duara kwenye vumbi.

Nilimpigia Daktari. Unajua alichoniambia? Kwamba ujuzi ni mali ya watu wote. Na kwamba nukta iliwekwa na mwenzake. Na kwamba anasikitika. Nikamwambia, kama ni mali ya watu wote, niambie babu yangu yuko kwenye kabati la nani, weka nukta hapo! Akakata. Hajawahi kupokea tena.

Nikafungua kompyuta usiku huo nirudishe nilichofuta. Nakala ya asili ninayo, ile iliyotoka kwenye ndege kabla sijaigusa, na ile haikufutwa kitu na mtu yeyote. Nikaweka siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Miti ipo yote, jani kwa jani. Ukuta upo. Kwenye pengo hakuna mtu, siku zote tatu. Kuna vidoto vichache tu vinaelea hewani, kwenye kimo cha bega.

Nikaenda Rukanga, nikamweleza nyanya kila kitu, na lile la kumwacha na maji mdomoni nikalianza mimi mwenyewe, kwa magoti. Hakushangaa. Alisema huyo ni mama aliyemzaa bibi yake, walimwita "yule aliyebaki", na waliorudi kutoka Malindi hawakumpata hata mfupa. Kuhusu honi aliniambia alinisamehe jioni ile ile. Akachukua kikombe, akajaza mdomo, nami nikainamisha kichwa. Nikasikia anahangaika. Nikatazama. Mashavu yanasukuma, midomo haifunguki, macho yamemtoka. Maji yakashuka kooni. Akajaribu tena, yakashuka. Mara ya tatu yakampalia nikadhani namuua. Kikombe kikaanguka. Alinishika mkono akasema, "Si mimi, mwanangu. Si mimi ninayekataa."

Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema. Laiti yangemwagika!

Na mimi vile vile. Nimejaribu. Mchungaji wangu aliniombea, akaniambia nimsamehe Daktari, nami nataka, kwa sababu hasira hii inanila, siongei vizuri hata na mwanangu. Kila asubuhi naweka maji mdomoni, natoka nje, nasema moyoni Daktari na watu wake wawe wazima, njia zao ziwe nyeupe. Nasukuma. Yanarudi ndani. Kila siku nameza. Nayasikia yanakaa mahali pale pale kifuani nilipoyaona ya yule mama.

Kwa hivyo sikutishi, nakuarifu. Simlaani mtu. Lakini nimeshakuambia hasira isiyotemwa hufanya nini, na yangu haina pa kutokea, na simwelekezi mtu, inajiendea yenyewe. Kama nukta ile unayo kwenye simu yako, ifute leo. Kama ni wewe uliyemchukua mzee, mrudishe, hata umwache usiku langoni kwa nyanya Rukanga, hakuna atakayekuuliza jina. Na kama bado unapanda, eti wewe huamini mambo haya, sawa, panda. Ila ukimkuta mwanamke kwenye pengo akikuomba maji, usifurahi mapema kama mimi. Usifumbe macho. Tazama koo lake.